Doti iliyokatwa: je, kromosomu Y inakwisha?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari mkoani Tanga. Juzi kijana wa kidato cha nne alikuja darasani na habari aliyoiona kwenye simu ya kaka yake: eti kromosomu Y imekuwa ikipungua tangu enzi na enzi, kimebaki kipande tu, na siku itakapokwisha wanaume nao watakwisha. Darasa likalipuka. Wasichana wakapiga vigelegele, wavulana wakanuna. Nilipowatuliza, mmoja wa dawati la nyuma akauliza: kama Y ina jeni chache kiasi hicho, inamtengenezaje mwanamume mzima? Na mwingine: je, Y yangu ndiyo ileile ya babu wa babu yangu? Nimewaahidi majibu wiki ijayo. Naomba msaada wako.

JIBU: Mwalimu, salaam, na hongera kwa kuwa na darasa linalouliza. Nitaanza na kile kilichowanunisha wavulana, maana bila hicho maswali mengine mawili hayashikiki. Kwa kifupi, ndiyo, Y imepungua, tena vibaya. Lakini sehemu kubwa ya kupungua huko ilitokea zamani mno, na aliyeandika habari ile amechukua matukio ya kale akayafanya ya kesho. Na hata Y ikija kwisha, madume hayafi nayo. Wapo wanyama walioipoteza, na madume yao yapo, yanapanda na kuzalisha. Nitawafikia.

Chukua doti ya kanga kabla haijakatwa. Vipande viwili, pindo ileile, mji uleule, jina lilelile. Kromosomu zetu, zile nyuzi za DNA zinazobeba jeni ndani ya seli, ndivyo zilivyo: jozi 23, na katika jozi 22 kila kipande kinalingana na mwenzake. Jozi ya mwisho kwa mwanamke nayo ni doti kamili, X na X. Kioja kiko kwa mwanamume. X yake ni kipande kizima, na Y ni kama kile kipande cha pili ambacho watu wa nyumbani wamekichanja nepi, wakachanja tambara la kushikia sufuria, kikabaki kilichobaki. Ukikikunjua, hata hivyo, utaona jambo: pindo za ncha mbili bado ni zilezile za X. Ya ncha moja ina herufi za DNA karibu milioni 2.7, ya ncha ya pili laki tatu na kitu. Korodani inapotengeneza mbegu, X na Y lazima zishikane kwanza ndipo ziachane, moja iingie mbegu hii na nyingine mbegu ile. Zinashikana kwenye pindo, hasa ile kubwa. Mji wa kanga umeharibika kiasi kwamba hautambuani tena.

Kwamba vipande hivi vilikuwa doti moja, Susumu Ohno, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alilieleza mwaka 1967. Ushahidi mwingine umetoka bandani kwa kuku. Jeni zinazokaa kwenye X yetu, kwa kuku nyingi zimekaa kwenye kromosomu namba 1 na namba 4, ambazo jogoo na tetea wanazo sawasawa na hazihusiki na jinsia hata kidogo. Kuku ana mfumo wake mwingine kabisa: jogoo ni ZZ na tetea ni ZW, kwa hiyo kwao mama ndiye anayeamua kifaranga kiwe jogoo au tetea. (Kwetu ni baba. Hili nalirudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu bado kuna wanawake wanaosimangwa na wakwe kwa kuzaa wasichana watupu, na anayegawa X au Y amekaa sebuleni anasubiri chai.)

Mkasi uliingiaje basi? Kiasi cha miaka milioni 180 iliyopita, katika mnyama mdogo aliyekuwa babu wa kangaruu na wa ng'ombe na wetu sisi, jeni moja kwenye kipande kimoja cha doti ilibadilika. Jeni hiyo inaitwa SOX3 na nakala yake ya zamani ingali kwenye X. Iliyobadilika tunaiita SRY, na kazi yake mpya ikawa kumgeuza kiinitete kuwa dume. Sasa, kipande kilichobeba SRY kikibadilishana vipande na mwenzake kama kawaida ya kromosomu, SRY itaponyoka na kuhamia upande wa pili, na mpangilio wote utavurugika. Kilichotokea ni kwamba sehemu za kipande hicho zilipinduka, juu chini, moja baada ya nyingine kwa vipindi, na sehemu iliyopinduka haishikani tena na mwenzake. Mwaka 1999 Bruce Lahn na David Page walionyesha kwamba vipindi hivyo vinasomeka hadi leo: ukipanga jeni ambazo X na Y bado zinazo kwa pamoja, zinajigawa makundi manne kwa umri, kama matabaka ya udongo kwenye ukingo wa mto.

Na kuacha kushikana ndiko kulikoleta uchakavu. Kanga ikitoboka, fundi anatazama kipande cha pili aone ua lilikuwaje, kisha anatia kiraka. X inapata nafasi hiyo kila inapokaa ndani ya mwanamke, kwa sababu ina mwenzake. Y haikai na Y nyingine kamwe. Tena husafiri kama mzigo uliofungwa kamba moja. Ikitokea Y moja ina jambo zuri la kumfaa mwenye nayo, makosa yote yaliyomo ndani ya mzigo huo yanapanda basi lilelile bila nauli. Jeni zikaharibika, zikanyamaza, zikafutika. Katika jeni kama 600 za doti ya awali, Y ya binadamu imebaki na asilimia 3 hivi. Hapo habari ya kwenye simu ilikuwa sahihi.

Kuhusu ukubwa wake, niseme kitu cha maabara. Nilipokuwa chuoni tulijifunza kupanga kromosomu kwa mkasi na gundi. Unapewa picha kubwa ya seli moja iliyopasuliwa, kromosomu zimetapakaa kama njugu zilizomwagika mezani. Unakata moja moja, unazipanga kwa ukubwa kwenye karatasi, unabandika. Y ilikuwa ikitusumbua kila mara kwa sababu inakaribiana na namba 21 na 22. Fundi wa maabara, mzee wa miwani mizito, akatupa dalili: kromosomu ina mikono miwili, mfupi na mrefu, na nyuzi mbili za mkono mrefu wa Y hazipanuki kama za wenzake, zinakaa sambamba kama miguu ya askari wa gwaride. Na ukiipaka rangi ya kwinakrini ukaitazama chini ya taa maalumu, mkia wake unawaka kuliko kitu kingine chochote kwenye picha. Mkia huo ni DNA ya marudio, maneno machache yaliyorudiwa maelfu kwa maelfu ya mara.

Marudio hayo ndiyo yaliyowashinda wasomaji wa DNA kwa miaka. Ramani ya jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ilitangazwa kwa mbwembwe, ikaboreshwa tena na tena, na muda wote huo zaidi ya nusu ya Y ilikuwa tupu kwenye ramani. Ilisomwa yote, ncha hadi ncha, mwaka 2023 tu: herufi milioni 62.46, na jeni za protini 106. Katika hizo, 41 hazikuwamo kwenye ramani ya zamani, ingawa nyingi ni nakala za jeni moja tu iitwayo TSPY, zimepangana kama vibanda vya wauza mitumba. Wakati huohuo timu nyingine ilisoma Y za wanaume 43 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, karibu nusu yao wakiwa wa asili ya Afrika. Fupi kuliko zote ilikuwa herufi milioni 45.2, ndefu kuliko zote milioni 84.9. Kwa hiyo mtu akikuambia Y ya binadamu ina urefu fulani, muulize ya nani.

Sasa kijana wa dawati la nyuma. Y inamtengenezaje mwanamume mzima? Haimtengenezi. Inawasha swichi, halafu jeni zilizotapakaa kwenye kromosomu nyingine, ambazo wasichana pia wanazo, ndizo zinazofanya kazi. Swichi ni SRY, jeni fupi ya kutengeneza protini yenye asidi amino 204 tu. Hadi karibu wiki ya sita, mtoto tumboni ana tezi mbili ambazo hazijaamua ziwe korodani au ovari. SRY huwaka kwa muda mfupi, huamsha jeni nyingine, SOX9, iliyoko kwenye kromosomu ya 17, na SOX9 ikishasimama tezi zinaelekea kuwa korodani. Kutoka hapo korodani ndiyo inayoendesha mambo kwa homoni: testosteroni kwa viungo vya kiume, na homoni nyingine ya kuzuia mji wa mimba usiote.

Mfaransa Alfred Jost alilionyesha hili kwa sungura miaka ya 1940. Alitoa tezi za watoto wa sungura wakiwa bado tumboni, na wote, wenye Y na wasio nayo, wakaota viungo vya kike. Na wafugaji wako huko Handeni wanaijua nusu ya habari hii bila maabara. Ng'ombe akizaa mapacha, dume na jike, yule jike mara nyingi huwa tasa. Zaidi ya 9 katika 10 huwa hivyo. Hana Y ya kwake, lakini kondo za mapacha hao zimeungana tumboni, damu imechanganyika, na homoni za kaka yake zimemfikia kabla hajamaliza kujijenga. Waulize wanafunzi wenye ng'ombe nyumbani. Mmoja atakuwa na mfano wa kukupa.

SRY yenyewe ilipatikanaje? Hapa pindo zinarudi. SRY imekaa jirani kabisa na pindo ile kubwa, kiasi cha herufi elfu chache tu kutoka kwenye mshono. Mara chache mshono hukosea, SRY ikang'oka na kwenda na X. Mtoto akipata X hiyo na nyingine ya mama, anazaliwa mvulana mwenye XX. Hutokea kwa mmoja katika kila wavulana 20,000 hivi. Wanasayansi wakawapima wanaume wa namna hii, wakatafuta kipande kidogo kuliko vyote cha Y walichobeba, wakabana, wakabana, hadi wakabaki na herufi 35,000. Mwaka 1990 timu ya London, wakiwemo Andrew Sinclair, Peter Goodfellow na Robin Lovell-Badge, ikatangaza SRY. Mwaka uliofuata wakaiweka kwa kiinitete cha panya chenye XX, akazaliwa dume mwenye korodani. Hakuweza kuzalisha, na hilo lina maana yake: swichi peke yake haitoshi kutengeneza mbegu.

Yaliyobaki kwenye Y ninayaona ni makundi mawili. Kundi la kwanza ni mafundi wa korodani. TSPY wamo, na DAZ pia, ambayo haikuwa ya doti ya awali kabisa. Ilihamia kutoka kromosomu ya 3 katika ukoo wa nyani, ikajirudufu hadi nakala nne. Y kumbe hupokea wageni pia, jambo ambalo habari za simuni huliruka. Umuhimu wa kundi hili unauona kliniki. Mwanamume mzima wa afya, misuli, ndevu, sauti, kila kitu kipo, anakuja kwa sababu ndoa ina miaka mitano bila mtoto. Mke ameshazunguka hospitali zote na kwa waganga juu. Kipimo cha shahawa kinarudi hakuna mbegu, au zipo za kuhesabu kwa vidole. Kipimo cha DNA kinaonyesha sehemu ya mkono mrefu wa Y imeruka, kwa wengi herufi milioni 3.5 pamoja na nakala zote za DAZ. Hakurithi kasoro hiyo kwa baba yake, kwa kawaida. Imetokea upya kwenye mbegu iliyomzaa. Madaktari wakibahatika kupata mbegu chache na kuichoma moja ndani ya yai, anaweza kupata mtoto. Akiwa wa kiume atarithi Y ileile yenye pengo, na wenzi hao wana haki ya kulijua hilo kabla ya kulipa chochote.

Kundi la pili ndilo linalonivutia zaidi, na ndilo msingi wa jibu langu zima. Ni jeni kama KDM5D, UTY, DDX3Y na ZFY, mabaki ya doti ya awali ambayo yana wenzao kwenye X hadi leo. Hazina habari na ndevu wala korodani pekee. Zinafanya kazi mwilini kote, kwenye moyo, ubongo, damu, na nyingi ni wasimamizi: zinaamua jeni nyingine ziwake au zizimike, protini zitengenezwe au zivunjwe. Wasimamizi wa namna hii mwili hauvumilii wakipungua nusu. Mwanamke anazo mbili, kwenye X zake mbili. Mwanamume anazo mbili, moja kwa X na moja kwa Y. Timu ya Page ililiona hili mwaka 2014 ilipolinganisha Y za wanyama kadhaa: kilichobaki hakikubaki kwa bahati nasibu.

Ushahidi wa kusikitisha uko kwa mimba zenye X moja tu, bila X ya pili na bila Y. Wasichana wanaozaliwa hivyo, mmoja katika 2,500 hivi, wana hali iitwayo Turner. Wengi huwa wafupi, na ovari zao kwa kawaida hazifanyi kazi. Lakini hao ndio walionusurika. Karibu asilimia 99 ya mimba za namna hiyo hutoka zenyewe. Kama Y ingekuwa tambara tu lenye swichi ya kiume, kuikosa kungekupa msichana wa kawaida. Haikupi.

Turudi kwa wavulana walionuna. Mwaka 2002 Jennifer Graves wa Australia, mmoja wa wajuzi wakubwa wa kromosomu hizi, aliandika pamoja na mwenzake kwamba kwa kasi ambayo Y imepoteza jeni, itakwisha baada ya miaka milioni 10 hivi. Hesabu ilikuwa ya kugawanya: jeni zilizopotea kwa muda uliopita, halafu zilizobaki kwa kasi hiyo. Namheshimu sana Graves, na alilisema kwa utani nusu, lakini hesabu ile ina tatizo ambalo abiria yeyote wa Tanga atalielewa. Basi limeondoka Tanga saa 12 asubuhi, saa 5 liko Chalinze. Mtu akipiga kasi kwa saa bila kuuliza kituo, atakuambia jioni basi litakuwa katikati ya Bahari ya Hindi. Hajauliza kama lina stendi.

Mwaka 2012 Jennifer Hughes, Page na wenzao walikwenda kuuliza kituo. Walisoma Y ya tumbili wa Asia aitwaye rhesus, ambaye ukoo wake na wetu uliachana miaka milioni 25 iliyopita. Kama hesabu ya kugawanya ingekuwa kweli, katika muda huo Y yetu ingepoteza jeni nyingi za asili. Walikuta imepoteza moja. Upunguaji mkali ulitokea mwanzo wa kila kipindi cha kupinduka, ukafifia, ukasimama. Waliobaki ni wale wasioweza kuondoka. (Page huyohuyo, mwaka 1987, alitangaza kwamba swichi ya kiume ni ZFY, akakosea, na London wakampiku kwa SRY. Hakuikimbia Y, aliendelea nayo miongo mitatu akawa wakili wake mkuu. Waambie wanafunzi hilo siku ya kurudisha mitihani.)

Na Y ina ujanja wa kujitia viraka. Una maneno kama ini na ama, unayasoma kutoka kushoto au kulia ni yaleyale. Mwaka 2003 ilionekana kwamba Y ina sehemu nane kubwa za namna hiyo, kubwa zaidi ikiwa na herufi milioni 2.9. Upande mmoja ni picha ya kioo ya upande wa pili, na pande mbili zinafanana kwa asilimia 99.97. Jeni za mafundi wa korodani nyingi zimekaa humo. Kosa likitokea upande mmoja, Y inajikunja na kunakili kutoka upande wa pili. Fundi amekosa kipande cha pili cha doti, akaamua kuchapa ua mara mbili kwenye kipande hichohicho. Gharama yake ni kwamba vipande vinavyofanana hivyo wakati mwingine vinachanganyana vibaya na kilicho katikati kinaruka. Lile pengo la mgonjwa wetu wa kliniki linatokana na hapo: kinga na ugonjwa vimetoka kiwanda kimoja.

Sitaki wavulana wako wavimbe kichwa, kwa hiyo ongeza hili. Y ya sokwe ilisomwa mwaka 2010, na ilikutwa imepoteza jeni kadhaa ambazo sisi bado tunazo. Zaidi ya asilimia 30 yake haikuwa na mwenzake wa kulinganishwa naye kwenye Y yetu, wakati koo zetu ziliachana miaka milioni 6 au 7 tu. Kusimama kwa basi letu si sheria ya mabasi yote.

Na wapo waliofika mwisho wa njia. Kwenye visiwa vya Amami Oshima na Tokunoshima kusini mwa Japani kuna panya wa miiba ambao hawana Y kabisa. Dume na jike wote wana X moja moja. Jamaa yao wa Okinawa bado ana Y. Kuna pia panya-fuko wa jenasi ya Ellobius, wa nchi za Asia ya Kati na magharibi yake: spishi moja wote wana X moja, nyingine wote wana XX, dume kwa jike. SRY hakuna. Mwaka 2022 timu ya Asato Kuroiwa wa Hokkaido ilitoa jibu kwa panya wa Amami: madume wana kipande cha herufi 17,000 kilichojirudufu jirani na Sox9, kwenye kromosomu ya kawaida. Kazi ya SRY ilikuwa kumwamsha Sox9. Sasa Sox9 ana kengele yake mwenyewe. Kwa hiyo swichi ilihamia chumba kingine na nyumba ikaendelea kukaliwa.

Maabara nako walijaribu kwa mkono. Timu ya Monika Ward huko Hawaii mwaka 2014 ilitengeneza panya dume waliobakiwa na jeni mbili tu za Y, Sry na Eif2s3y, na mwaka 2016 wengine wasio na hata moja, wakiwa wamewashiwa jeni mbadala kutoka kromosomu nyingine. Walipata watoto. Lakini mbegu hazikukomaa kuwa na mkia. Ilibidi zichomwe ndani ya yai kwa sindano. Porini panya yule asingemwona mtoto wake.

Kuna Y inayokwisha kweli, nayo iko kwenye damu ya wazee. Seli za damu zinapogawanyika miaka na miaka, nyingine huiangusha Y na kuendelea kuishi bila hiyo. Uchunguzi wa wanaume zaidi ya 200,000 wa Uingereza wenye miaka 40 hadi 70, uliotolewa mwaka 2019, ulikuta mmoja katika watano ana seli za namna hiyo za kuonekana. Kwa wenye 70 walikuwa zaidi ya 4 katika 10. Wavuta sigara wanaongoza. Zamani tuliliona kama mvi tu, dalili ya uzee isiyo na kazi. Kisha mwaka 2022 panya walioondolewa Y kwenye seli za damu walionekana mioyo yao ikikakamaa kwa makovu na kufa mapema kuliko wenzao. Waliokosekana hapo ni wale wasimamizi wa kundi la pili, wakijulikana thamani baada ya kuondoka.

Limebaki la tatu, na kijana huyu ameuliza vizuri kuliko wote. Y yako ndiyo ileile ya babu wa babu yako? Kwa sehemu isiyoshikana na X, karibu ileile herufi kwa herufi. Mwaka 2009 walilinganishwa wanaume wawili wa China wa ukoo mmoja, waliotenganishwa na vizazi 13 ukihesabu kupanda kwa mmoja na kushuka kwa mwingine. Katika herufi milioni 10 za Y zilizosomwa, tofauti za kweli zilikuwa 4.

Uaminifu huo ndio unaoifanya Y isome historia, na pwani yetu imeshasomwa. Mwaka 2023 zilitolewa DNA za watu 80 wa kale, wengi kutoka makaburi ya miji ya Waswahili: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba wa Kenya alikuwa mmoja wa walioongoza kazi hiyo. Kwenye miji hiyo, DNA ya mitokondria, ambayo mtu huipata kwa mama, ilikuwa karibu yote ya Afrika. Y nyingi zilikuwa za Asia ya magharibi, na DNA nyingine ikaonyesha mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000, upande wa kiume ukitoka hasa Uajemi. Wazee wa Kilwa walikuwa wakisimulia Washirazi siku zote. Mtu aliyepima Y peke yake angemwita marehemu wa Mtwapa Mwajemi, na aliyepima mitokondria peke yake angemwita Mwafrika tu, na wote wawili wangekuwa wanamzungumzia mtu mmoja.

Kwa hiyo mrudishie kijana swali: babu wa babu yupi? Katika ngazi hiyo kila mmoja wetu ana wazee 16, wanane wao wanaume, na Y imetoka kwa mmoja tu kati ya hao wanane, baba wa baba wa baba wa baba. Wale wengine saba Y zao hazikufika, ila jeni zao zimo ndani yake hivyohivyo, na ndani ya wasichana waliopiga vigelegele. Wape karatasi wachore nafasi 16 na wajaze majina. Mimi nilipojaribu na kumpigia simu shangazi mara mbili, niliishia 9.